Kura Mbili za Dewberry Bend

26 Oktoba 2019
Presha 148 kwa 90. Daktari kaniambia nipime kila asubuhi na niandike kwenye daftari hili pamoja na nilichokula. Kurasa ni nyingi na mimi ninakula kidogo, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Upepo wa kaskazini umeingia alfajiri, baridi ya kwanza mwaka huu, ukang'oa mbao tatu za uzio wangu. Kabla sijamaliza kahawa, Darrell Pruitt, jirani yangu wa kushoto katika mtaa huu mpya nje ya Houston, alikuwa ameshafika na nyundo. Ana miaka thelathini na miwili, anachomelea mabomba kwenye kiwanda cha mafuta, mabega kama mlango.

"Bi Verlene, ukisikia kitu kimeanguka unaniita. Huendi kuokota mwenyewe. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Tangu mume wangu Edwin afariki hakuna mtu anayenigombeza vizuri kama yeye.

30 Oktoba
144. Supu. Hakuna jipya.

2 Novemba
Msimu wa kulungu umefunguliwa. Tangu kunapambazuka risasi zinalia upande wa msitu, ng'ambo ya bwawa la mafuriko. Kabla ya saa sita Darrell alirudi na dume, akalining'iniza gerejini kwake kichwa chini na kuanza kulichuna. Damu ikashuka barazani hadi mtaroni. Mkewe Shawna, mwenye mimba ya miezi sita, alishika mpira wa maji.

"Osha haraka, mama, maji ya hapa yanauzwa kama wiski!" Darrell akamwambia.

Hollis Tidwell, anayesoma mita na kuendesha pampu za wilaya yetu ya maji, akasimamisha gari lake. Akatema tumbaku kwenye kopo. "Damu hairuhusiwi kuingia mtaroni," akasema. Darrell akamwonyesha kisu. Watu wakacheka, Hollis hakucheka.

Simpendi Hollis. Namfahamu tangu hapa hapajawa na hata nyumba moja. Ananitazama kama mtu anayejua nimeficha nini. Na kweli anajua.

6 Novemba
Bili za kodi ya majengo zimefika leo, barabara nzima siku moja.

Mwaka jana walithamini kiwanja kitupu, mwaka huu wamethamini na nyumba. Akina Pruitt walilipa dola 1,360, sasa ni 9,860. Shule, kaunti, halafu mstari wa tatu, mnene kuliko yote: Wilaya Maalumu ya Maji ya Dewberry Bend, dola 3,625. Shawna alikuja na bili yao mkononi, analia. Benki imeandika kwamba kuanzia Januari rejesho lao la nyumba linapanda dola 1,400 kwa mwezi, maana benki ndiyo inayowalipia kodi kisha inawadai, pengo la mwaka huu na la mwaka ujao kwa pamoja.

"Hii wilaya ni kitu gani, Bi Verlene? Mimi sijawahi kuisikia."

Nikamwambia ndiyo iliyokopa pesa za kutandaza mabomba, mitaro na barabara, na sasa wenye nyumba wanalirudisha deni. Kwamba ilitajwa kwenye karatasi tulizosaini siku ya kununua.

"Tulisaini karatasi mia na ishirini! Yule dada alikuwa anafunua tu anasema hapa, hapa, na hapa."

Presha 161.

8 Novemba
Niandike, maana sina wa kumwambia.

Mwaka 2011 Edwin alikuwa dereva wa tingatinga kwa Bwana Quarrier, mwenye mradi huu wa nyumba. Hapa palikuwa shamba la mpunga lililoachwa, nyasi na ng'ombe. Mgongo wa Edwin ulikuwa umeharibika na kodi ya chumba tulichopanga ilikuwa imetushinda. Quarrier akatuambia atatuwekea nyumba ya magurudumu katikati ya shamba, tukae bure miezi mitatu. Sharti moja tu: tujiandikishe hapo kama wapiga kura.

Siku ya kura waliweka meza chini ya turubai, mwanamke mmoja na sanduku lake, na boksi la donati. Karatasi ilikuwa na maswali mawili. Je, unakubali wilaya hii iundwe? Je, unakubali ikope dola milioni 142 na kutoza kodi ya kulirudisha deni?

Nikamwuliza Edwin, "Watalipa akina nani?"

"Kuna nani hapa, Verlene? Labda ng'ombe."

Tukacheka. Tukaweka alama kwenye ndiyo, yeye na mimi. Matokeo: ndiyo mbili, hapana sifuri. Wiki iliyofuata trela liliondolewa.

Sheria inaruhusu, wakili wa Quarrier alituambia na bado ni kweli. Edwin alipofariki nilinunua nyumba hapa kwa pesa za bima yake, kwa sababu Quarrier alinipunguzia bei, na kwa sababu nilipajua. Kodi hiyo nalipa na mimi. Hilo ndilo ninalojiambia.

9 Novemba
158. Sikula.

14 Novemba
Kikao gerejini kwa Darrell, watu kama ishirini, kulungu wa pili ananing'inia nyuma yao. Ignacio Barrera wa upande wa pili wa barabara, fundi wa mabasi ya shule, mtu mpole, alikuwa ameleta karatasi kutoka ofisi ya kaunti. Akasoma: uchaguzi wa mwaka 2011, ndiyo mbili, hapana sifuri.

"Mbili?" Darrell akasema. "Watu wawili?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, kaka."

"Watu wawili wakakopa milioni mia na arobaini kwa jina la mwanangu ambaye hajazaliwa." Aliongea polepole, huku anapangusa kisu kwenye suruali. "Nataka majina."

"Hayapo hapa."

"Kuna mtu anayajua."

Mmoja akasema Hollis alikuwepo siku hizo, alikuwa anachimba kisima. Mwingine akasema basi ni yeye. Haikuchukua hata dakika moja. Ilipoingia kinywani mwa mtu wa tatu ilikuwa imeshakuwa ukweli: Hollis alipiga kura, akapewa kazi ya pampu kama zawadi.

Nilikuwa nimeshika sahani ya mkate mtamu wa matunda niliouoka mwenyewe. Nikaupitisha kwa watu. Wakala.

20 Novemba
Kioo cha gari la Hollis kimevunjwa kwa tofali, naye akiwa ndani. Vifuniko kumi na moja vya mita za maji vimepondwa kwa nyundo barabara nzima, cha kwangu hakikuguswa. Mvua kubwa. Kulungu wameisha kwenye msitu huu lakini risasi hazijaisha.

21 Novemba
Hollis alikuja mlangoni mchana na plasta kwenye paji la uso. Nilidhani amekuja kunidai ukweli. Akatema kwenye kopo lake na kusema, "Usiseme kitu. Watachoka." Nikamwuliza kwa nini anafanya hivyo. Akaniuliza kama bomba langu la nyuma bado linavuja. Nikasema linavuja. Akalikaza akaondoka.

25 Novemba
Barua kutoka wilaya: gharama za vifuniko na kioo zitaongezwa kwenye bili za wakazi. Darrell aliisoma kwa sauti katikati ya barabara, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akavunja kifuniko cha kumi na mbili, mbele yetu sote.

28 Novemba
Siku ya Shukrani. Walinialika. Kiwanda kimemkatia Darrell saa za ziada, na alikuwa anakunywa tangu asubuhi. Shawna akasema kwa mama yake huko Beaumont kuna chumba, labda wairudishe nyumba kwa benki. Darrell akainuka na kupiga ngumi ukutani, sentimita chache kutoka sikio la mkewe. Mkono ukatoboa bodi ya jasi, ambayo ndiyo kuta zetu za ndani, ukaingia hadi kiwiko, unga mweupe ukamwagikia bata mzinga.

Alipoutoa ulikuwa unavuja damu. Shawna akachukua kitambaa akaanza kuufunga, taratibu, kama mtu aliyeshazoea. Mpaka leo nilikuwa naona kijana mwema mwenye hasira. Nilitazama vidole vya Shawna vinavyokaza fundo bila kubahatisha, nikaanza kuona mtu mwingine.

29 Novemba
Nimeota mkono ule. 166.

10 Desemba
Bodi ya wilaya yetu inakutana katikati ya jiji la Houston, saa sita mchana siku ya Jumanne, ghorofa ya thelathini na moja, ofisini kwa wakili. Mwendo wa saa moja na nusu. Tulikwenda tisa. Watu waliochukua ruhusa kazini walikatwa siku.

Wajumbe watano, hakuna hata mmoja anayelala Dewberry Bend. Walimsikiliza Ignacio dakika tatu kwa saa ya mezani. Wakili, kijana mwenye soksi za rangi ya chungwa, akajibu kwa upole: "Bwana Barrera, deni hili liliidhinishwa na wapiga kura wa wilaya yenyewe."

"Wapiga kura gani?" Darrell akauliza.

"Waliokuwepo."

Darrell akainua kiti na kukirusha. Kilipita juu ya meza kikavunja jagi, kikampiga mdomoni mlinzi aliyesimama mlangoni. Mlinzi ni mzee wa umri wangu. Aliketi chini, akaanza kutafuta jino lake kwenye zulia. Walinzi wengine watatu wakamlalia Darrell, na mmoja akawa anampiga gotini kwa rungu hata baada ya kulala. Nilisikia mlio wa goti lile.

Mimi ndiye niliyekuwa "waliokuwepo". Nilikaa kwenye kiti changu na mkoba mapajani. Wakati tunatoka wakili alinifungulia mlango.

12 Desemba
Darrell ametoka kwa dhamana, anachechemea. Kiwanda kimemfukuza. Bili yao ya maji ina miezi miwili haijalipwa.

17 Desemba
Hollis alikuja saa nne asubuhi kuwafungia maji akina Pruitt. Ametumwa, ndiyo kazi yake. Alikuwa na kile chuma chao cha kufungia maji, kirefu kama jembe, chenye mshikio juu. Alipiga magoti kwenye nyasi na kufungua kifuniko.

Darrell akatoka bila viatu. Nilikuwa dirishani, nikasikia kila neno.

"Simama."

"Nikimaliza."

"Nani mwingine? Wewe na nani?"

"Sikumbuki," Hollis akasema, bila kuinua kichwa.

Darrell akamnyang'anya chuma. Pigo la kwanza lilitua begani, Hollis akalala kifudifudi. La pili mgongoni. Alijaribu kutambaa kuelekea gari lake. La tatu kwenye mkono, na mkono ukakunjika mahali pasipokuwa na kiungo. Halafu Darrell akamgeuza kwa mguu, na pigo la nne lilikuwa la uso.

Nilisimama dirishani mapigo manne. Naandika ili nisije nikasema baadaye yalikuwa mawili.

Nilipotoka nilikuwa na soksi tu na nyasi zilikuwa na barafu. Nikapiga kelele, "Mwache! Ni mimi! Ni mimi na Edwin tuliopiga kura! Darrell, ni mimi!"

Aligeuka akanitazama. Uso wake ulikuwa na madoa ya damu, lakini sauti ilikuwa ile ile ya siku ya uzio.

"Bi Verlene, rudi ndani. Utashikwa na baridi."

Akapiga tena.

Ignacio alitokea upande wa barabara anakimbia, akamrukia kwa nyuma na kumkaba shingo. Walianguka wote wawili juu ya mita. Darrell alimng'ata mkono mpaka nyama ikaning'inia, na Ignacio hakumwachia. Mtu mpole yule. Alibana huku analia, "Lala, kaka, lala, lala," mpaka Darrell akalegea. Shawna alikuwa mlangoni ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Nilimwekea Hollis kichwa mapajani. Jicho la kushoto halikuwa jicho tena. Maji yalikuwa yanabubujika kutoka kwenye shimo la mita, mekundu, yanateremkia mtaroni.

Sijapima presha leo.

19 Desemba
Hospitali. Jicho limetolewa. Mkono una vyuma, mbavu tano zimevunjika, taya limefungwa kwa waya. Nikamwuliza kwa nini hakulitaja jina langu. Akajibu kupitia waya za taya.

"Unakaa peke yako, na yule mko naye ukuta kwa ukuta."

Nikaanza kulia. Akasema, "Hata angeuliza mara ya pili, sikuwa na meno ya kujibia." Na huyo ndiye mtu niliyemchukia miaka minane kwa sababu alikuwa ananijua.

Nikaenda kwa askari wa sherifu nikaandikisha maelezo, pamoja na habari ya kura. Askari akaniambia kura si kosa, hiyo asiandike.

24 Desemba
Peke yangu. Samaki wa mkesha, kama mama alivyokuwa anapika. 155.

28 Desemba
Mama yake Darrell ameuza boti na kumtoa kwa dhamana nyingine. Yuko ndani, pazia zimefungwa. Haamini kile nilichosema siku ile. Shawna anasema anadhani nilitunga ili kumwokoa Hollis.

5 Januari 2020
Leo msimu wa kulungu umefungwa. Nikawaita watu kwa Ignacio baada ya kanisa, nikasimama katikati ya sebule, nikaeleza yote: trela, turubai, donati, ng'ombe. Nilisema majina mawili, la kwangu na la marehemu.

Mtu mmoja akauliza, "Mlilipwa kiasi gani?"

"Hatukulipwa. Tulikaa bure miezi mitatu."

Ilikuwa mbaya kuliko kama ningetaja pesa. Shawna alipita katikati ya watu na kunizaba kofi, halafu jingine. Pete yake ilinichana mdomo. "Ulikula mezani kwangu," akasema. "Uliniona." Hakuna aliyemzuia, na mimi sikuinua mkono.

6 Januari
Risasi mbili zimepigwa dirishani. Moja ilipenya friji. Mdomo niliochanwa umeshonwa nyuzi tatu. Mwanangu ananipigia kutoka Tulsa niende kwake. Nimekataa.

8 Januari
Kichwa cha kulungu kwenye ngazi yangu, kimeoza. Ignacio alikizika, akaweka kiti barazani kwangu akakaa mpaka jua linazama, mkono wake bado una bandeji.

14 Januari
Saa tatu asubuhi nilikuwa jikoni nasuuza kikombe. Nilisikia injini ya pikapu ya Darrell inapanda mlio, nikajua. Nilipata muda wa kuweka kikombe chini.

Aliingia kwa ukuta wa mbele. Matofali, kochi, picha za harusi, vyote vilikuja mbele ya gari kama vimesombwa na mafuriko. Meza ilinibana kwenye kabati, nikasikia nyonga inalia. Bomba la maji likakatika likaanza kurusha hadi kwenye dari. Gari lilisimama hatua mbili kutoka nilipo.

Halafu sauti yake, kutoka nyuma ya kioo kilichopasuka, damu inatiririka puani:

"Bi Verlene? Umeumia?"

"Nyonga," nikasema.

"Samahani." Akawasha gari ili arudi nyuma. Halikuwaka. Akajaribu tena, na tena, huku analia kama anayetaka tu kuiacha nyumba ya watu ilivyokuwa. "Samahani. Samahani. Halitaki."

"Liache, Darrell."

Akaliacha. Tukakaa hivyo, yeye kwenye usukani na mimi kwenye kabati, mvua ya bomba inatunyeshea wote wawili, mpaka askari walipofika. Walipomvuta nje hakupigana. Walimlaza chini kwenye matope, na mmoja akamwekea buti shingoni. Nikapiga kelele wamwondolee hilo buti. Sikujua bado ninazo kelele.

21 Januari
Nyonga haikuvunjika, ina ufa. Nimerudi, natembea kwa kuegemea kigari cha wagonjwa. Mbele ya nyumba kuna turubai na plaiwudi. Darrell hana dhamana safari hii.

Hollis alikuja kuniona, na kitambaa kwenye jicho. Alikaa kwenye ndoo maana viti hakuna. Akasema amehudhuria vikao vya bodi miaka minane kutoa ripoti ya maji, na sheria anaijua: wakazi watano tu wakiandika na kusaini, bodi inalazimika kuleta mikutano yake hapa hapa ndani ya wilaya.

"Watano tu?"

"Watano."

"Kwa nini hukuwahi kusema?"

"Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu zaidi ya kwa nini bili iko juu."

28 Januari
Nimekwenda kulipa kodi yangu, dola 8,140. Nikamwuliza karani kama nyumba isiyo na ukuta wa mbele itapunguziwa mwaka huu. Akatazama kompyuta, akaniambia kwa huruma kwamba nyumba inathaminiwa jinsi ilivyokuwa tarehe moja Januari. Tarehe moja ilikuwa nzima.

Nimeandika barua. Saini yangu, ya Ignacio, ya mkewe, ya mzee wa nyumba ya kona. Nne. Wengine wananifungia mlango.

31 Januari
Shawna aliingia kwa kupitia turubai, hakupiga hodi maana hakuna pa kupiga. Tumbo limeshuka. Nyumba yao ameirudisha benki, Ijumaa ijayo anahamia kwa mama yake, lakini mpaka Ijumaa yeye ni mkazi.

"Nimesikia mnahitaji wa tano."

"Ndiyo."

"Sijakusamehe."

"Sijakuomba."

"Na usiniombe." Akavuta ndoo akakaa. Aliisoma barua yote, mstari kwa mstari, kidole chini ya maneno, akarudia ukurasa wa kwanza. Kisha akasaini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Nikanyoosha mkono niipokee, nimwambie kesho nitaipeleka posta. Akaikunja akaitia kwenye mkoba wake.

"Wewe huaminiki na karatasi," akasema. "Naipeleka mwenyewe mjini, waigonge muhuri mbele yangu."

Akatoka. Nilisogea na kigari changu hadi kwenye plaiwudi, nikasikia gari lake linawaka, linapita kwenye mitaro na vifuniko vilivyovunjika, linakata kona kuelekea barabara kuu.